Kodi za Mzee Emanueli

Kwa miaka mitatu, mtu wa kwanza niliyemsalimia kila siku ya kazi alikuwa mzee Emanueli, na sikumsalimia kwa kupenda. Mimi naishi Mikumi, yeye anaishi Kilosa. Nilimpigia simu kwa sababu bila yeye kazi yangu ilikuwa haifunguki.

Shirika letu linapima mipaka ndani ya vijiji: huku mashamba, huku malisho, hapa ng'ombe wapite kwenda mtoni, pale wasipite. Wilaya hii ina wakulima ambao babu zao walizaliwa hapa, na ina wafugaji waliokuja na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa, na ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Sisi tunakaa nao mpaka wakubaliane, tunachora ramani, wanatia dole gumba. Zamani ramani zote na mihtasari yote ilikaa ndani ya seva moja, kwenye chumba kimoja cha ofisi yetu ya Kilosa mjini, na mwenye chumba alikuwa Emanueli.

Siku hizi ziko kwenye wingu, zinafikiwa kwa intaneti. Ukitaka kuzifungua unaandika neno la siri, kisha mtambo unatuma tarakimu sita kwenye simu fulani. Usipoziandika ndani ya dakika mbili, zinakufa. Wataalamu wana jina refu la kitu hicho, sisi tunaita kodi. Na simu iliyokuwa ikipokea kodi zetu wote, wafanyakazi kumi na mmoja, ilikuwa ya Emanueli peke yake.

Sasa fikiria. Yeye ana miaka hamsini na nane, mimi thelathini na tisa. Siwezi kumpigia mtu wa rika la baba yangu nikaanza na "nipe kodi". Lazima shikamoo. Na Emanueli si mtu wa kuitikia marahaba akanyamaza. "Marahaba, mwanangu Tumwagile. Umeamkaje? Mikumi kwema? Tembo hawajaingia kwenye mahindi ya watu? Nyumbani Tukuyu wazima?" Ukimaliza kujibu, yeye ndiyo kwanza anatafuta miwani. Anafungua ujumbe, anasoma tarakimu mojamoja, unaandika, na mtambo unakwambia muda umepita.

"Imekufa?" anauliza, kwa sauti ya mtu aliyepokea msiba wa jirani.

"Imekufa, baba."

"Basi omba nyingine. Tupo."

Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka jasho la hasira. Niliwahi kuua kodi nne asubuhi moja, na kila niliyoiua ilifuatiwa na pole. Baadaye sote tukajifunza: salimia kwanza mpaka mwisho, uliza habari za mgongo wake, mjibu ya tembo, kisha ndiyo ubonyeze kuomba kodi. Ilichukua kama dakika sita. Nilikuwa nimeweka simu begani, nakunywa chai, namjibu huku nakodolea macho kioo cha kompyuta. Majirani wa ofisi walidhani mzee ana nyumba nyingi za kupangisha, maana kila asubuhi alisikika dirishani akizungumzia kodi na watu kumi na mmoja.

Nimesema mzee, lakini hakuzaliwa na miwani. Emanueli ni mzaliwa wa Ulaya. Usishtuke, ni Ulaya yetu, kata ya wakulima hapa hapa Kilosa, watu wanatembea kwa miguu na kwa baiskeli na siku ya gulio ndiyo siku kubwa. Alisoma mpaka kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa kwenye misheni, na shirika likamwajiri kama mpiga chapa wakati mimi niko darasa la tatu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini na kugoma mwezi uleule, hakukuwa na fundi karibu. Emanueli alileta bisibisi na pampu ya baiskeli kutoka kwao, akaifungua, akapuliza vumbi lote lililokuwa ndani, ikawaka. Kuanzia siku hiyo akawa mtaalamu wa tehama. Hakuna aliyemsomesha. Pampu ile aliitumia miaka yote, na mimi nimeiona kwa macho yangu ikining'inia kwenye msumari juu ya seva.

Chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi, pekee katika jengo zima. Kilosa ya Novemba mnaijua. Watu walikuwa wanatunga sababu za kuingia mle. Scolastica, katibu muhtasi wetu, akiwa na mimba ya miezi minane alihamishia meza yake mle ndani kabisa, akawa anaandika mihtasari huku miguu iko juu ya boksi la karatasi, na Emanueli akimlinda kwa kuwafukuza waliokuja kupiga soga za sauti kubwa. Mlangoni kulikuwa na kidirisha, na kila asubuhi palikuwa na foleni hapo. Hakuna flashi iliyoruhusiwa kuingia kwenye kompyuta ya ofisi kabla ya Emanueli kuipima virusi. Kwa hiyo alijua mambo yetu yote: picha za harusi, barua za kuomba kazi kwingine, mahubiri, matokeo ya watoto. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, ile barua yako ya kwenda Iringa ina kosa kwenye aya ya pili," akanirudishia flashi bila neno jingine. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini hakumwambia mtu, na kazi ya Iringa sikuipata, kwa hiyo nimebaki.

Mkewe, mama Ida, alifariki mwaka mmoja kabla ya wingu. Binti yao, Ida, ni muuguzi Mbeya, hupiga simu Jumapili. Baada ya arobaini mzee alirudi kazini, akafungua kidirisha chake saa moja na nusu kama kawaida, na sisi tukapanga foleni kama kawaida. Nakumbuka niliona aibu kumpa flashi mtu aliyetoka msibani. Yeye aliipokea kwa mikono miwili.

Halafu akaja Brayson. Huyu alikuwa kijana mshauri kutoka Dar es Salaam, viatu vyeupe, maneno mengi. Alitukusanya ukumbini akatueleza kwamba mambo ya seva yamepitwa na wakati, umeme wa Kilosa unakatika, mto ukijaa maji yanaingia hadi mjini, kwa hiyo siyo busara kuweka ramani za wananchi ndani ya sanduku moja. Hapo alisema kweli. "Kuanzia mwezi ujao," akasema, "data zenu zote zitakaa Ulaya."

Emanueli akanyoosha mkono. "Ulaya kwetu? Kwa nani?"

Tulicheka mpaka Deo, mkurugenzi, akaegemea ukuta. Brayson hakuelewa tunacheka nini, akazidi kueleza kuhusu nchi za baridi na majengo makubwa yenye mitambo. Emanueli naye alicheka, lakini kicheko kilipoisha aliuliza tena, taratibu: likitokea la kutokea, mimi naenda kugonga mlango wa nani? Brayson akamjibu hakuna mlango, mzee. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema.

Siku hiyohiyo ikafunguliwa akaunti. Ingetakiwa kila mtu awe na yake, lakini sisi tumezoea ofisi kuwa na ufunguo mmoja unaotundikwa mahali, kila mwenye haja anauchukua. Tukafungua akaunti moja, neno la siri moja, watu kumi na mmoja. Mtambo ukaomba namba ya simu ya kupokelea kodi. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa, maana kila mtu alijua mwenye namba hiyo hatapumzika. Emanueli akataja yake. Tukampigia makofi.

Seva ilibebwa na pikapu wiki mbili baadaye. Kiyoyozi kikahamishiwa kwa mkurugenzi. Chumba kikawa stoo ya viti vya plastiki vya mikutano, na katikati ya viti wakamwachia mzee meza yake. Kisha Deo akatangaza jambo la pili: shirika halitanunua tena kompyuta. Kila mtu atumie kifaa chake mwenyewe, simu au laptopu, atapewa bando, na kwa kuwa kazi sasa iko hewani, hakuna haja ya kila mtu kuja Kilosa. Ofisi ndogo ya Mikumi, nilikokuwa nakaa siku ambazo siendi Kilosa, ilifungwa kabisa. Nikahamishia kazi kwenye meza yangu ya chakula, dirisha likitazama barabara kuu na malori ya Zambia. Wengine wakatawanyika, Magole, Lumuma, kila mtu na kijiji chake. Tulifurahi. Nisidanganye, mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu sipendi kuulizwaulizwa na napenda kukaa kwangu.

Kilichobaki kutuunganisha na ofisi kilikuwa ile kodi ya asubuhi. Emanueli hakuchelewa hata mara moja. Akiwa anaoga alitoka na povu. Akiwa kanisani aliweka simu kwenye mtetemo na kutoka nje. Tulimtania kwamba yeye ndiye mtu anayepigiwa simu zaidi wilaya nzima, akasema hata mkuu wa wilaya hamfikii.

Sasa niseme kilichoharibu.

Machi, mwanzo wa masika, tuliitwa kwenye kijiji kimoja upande wa Magole. Wakulima walikuwa wameanza kulima karibu na mapito ya ng'ombe, wafugaji wanalalamika. Jambo dogo, maana tulishapima mwaka uliotangulia na wote walitia dole gumba. Ilikuwa ni kufungua ramani, kuwaonyesha, na kurudi nyumbani. Niliondoka Mikumi alfajiri, nikafika saa tatu, nikakuta watu kama sitini chini ya jua. Nikatoa laptopu, nikawasha intaneti ya simu, ikashika vizuri tu. Nikampigia Emanueli nimsalimie.

Hapatikani.

Nikapiga tena. Nikapiga mara kumi, mara ishirini. Baadaye nikampata Scolastica ofisini, akaniambia mzee amekwenda Lumuma jana mchana, dada yake mkubwa amefariki, anazikwa leo. Huko alikokuwa, milimani juu kabisa ya Lumuma, mtandao unaupata kwa kupanda kilima, na mtu anayezika hapandi kilima.

"Ramani inasemaje?" aliuliza mzee Filipo, mkulima, mwenyekiti wa kitongoji. "Upana wa mapito ni hatua thelathini. Mimi nilikuwepo."

"Ni sitini," akasema Ngassa. Huyu ndiye mkubwa wa familia za wafugaji pale, mtu mpole mwenye sauti ya chini. "Nilizitembea kwa miguu yangu, na wewe Filipo ulikuwa nyuma yangu."

"Tuonyesheni basi."

"Haifunguki, wazee wangu," nikasema. "Kuna namba inatakiwa, aliye nayo yuko msibani."

Nakala ya kijiji ilikuwepo, ndani ya kabati, na mtendaji wa kijiji aliyehamishwa alikuwa ameondoka na ufunguo. Wakatafuta nyundo, wakavunja kufuli, wakakuta mchwa wamekula mpaka kwenye majina.

"Mlituambia ramani iko salama," alisema mzee Filipo.

"Iko salama, mzee."

"Salama kwa nani?"

Nilisimama mbele ya watu sitini na kioo kinachoniomba tarakimu sita. Saa saba mkutano ukavunjika kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku mbili baadaye ng'ombe wa Ngassa walipita kwa upana wa hatua sitini, wakala mahindi machanga ya mzee Filipo, na jioni yake ndama watatu wakakutwa wamekatwa mapanga. Mmoja hakufa upesi. Ngassa alinipigia nikamsikia akilia, mtu mzima, na nyuma yake yule ndama. Emanueli aliporudi mtandaoni na ramani ikafunguka, ilisema hatua arobaini na tano. Wote wawili walikuwa wamekumbuka vibaya.

Nilichukua gari kwenda Kilosa nikiwa nimewaka. Niliingia kwenye ile stoo ya viti bila hodi na bila shikamoo. Mzee alikuwa ameketi mezani, simu mbele yake, shati jeusi la msiba bado liko mwilini.

"Mambo haya hayawezi kukaa kwenye simu ya mtu mmoja!" nikamfokea. "Watu watauana kwa sababu ya simu yako! Hakuna namna ya kuibadilisha?"

"Ipo."

Nilitarajia aniambie haipo.

"Kila mtu anaweza kuwa na akaunti yake, kodi iingie kwenye simu yake mwenyewe," akasema. "Ni kazi ya dakika kumi kwa kila mtu."

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Brayson hajafika hata Morogoro nilikuwa nimeshaisoma."

"Miaka mitatu? Kwa nini hukufanya?"

Aliigeuza simu yake ikatazama chini, kisha akaigeuza tena juu. "Mngenipigia kwa ajili ya nini?" akaniuliza.

Yeye akaendelea, hakuwa ananitazama. Akasema Jumamosi hasemi na mtu. Jumapili anasema na Ida kama robo saa, halafu Ida anaitwa wodini. Jumatatu huamka saa kumi na moja, si kwa sababu ana kazi, ila kwa sababu anajua saa mbili kasorobo simu itaanza kuita. "Nilijua iko siku itaumiza mtu," akasema. "Nilidhani itakuwa ripoti kuchelewa. Sikudhani ndama."

Nilikumbuka hapo kwamba sijamsalimu wala sijampa pole ya dada yake. Nikampa pole, nikiwa nimechelewa na bado nimekasirika, ikatoka vibaya. Akaipokea vizuri.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Deo akaeleza yote, pamoja na kosa lake. Deo si mtu mbaya. Alimpa onyo la mdomo na kututaka wote tufike Kilosa Alhamisi na simu zetu. Tulifika wote kumi na mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu seva ichukuliwe. Emanueli alikuwa amepanga viti vya plastiki, ameleta chupa mbili za chai na ndoo ya maandazi. Alimwita mmoja mmoja. Ile kazi ya dakika kumi aliifanya kwa nusu saa. Alimfundisha Paulina wa Lumuma kuweka neno la siri ambalo si jina la mwanawe. Alimfokea Rafaeli wa Magole kwa kutoifunga simu yake kabisa, mtu yeyote anaweza kuiokota akafungua ramani za watu. Alifuta picha chafu kwenye simu ya mmoja ambaye simtaji, bila kubadilisha sura. Waliokuwa wanangoja zamu walikuwa wanacheka, wanatambiana simu, wanamuulizia mtoto wa Scolastica. Mzee alikuwa mchangamfu kiasi kwamba niliona uchungu kumwangalia.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Baada ya kuniwekea akaunti yangu, ilibaki kuiondoa namba yake kwenye ile akaunti ya zamani. Mtambo ukauliza kama ana hakika. Akavua miwani. Kisha akanisogezea kompyuta.

"Bonyeza wewe," akasema. "Mimi macho yamechoka."

Nikabonyeza.

Kesho yake nilifungua kazi saa mbili kamili. Kodi ikaingia kwenye simu yangu, nikaiandika, ramani zikafunguka, sekunde kumi na mbili tu. Nilicheka peke yangu. Dakika sita nimezirudisha kwenye maisha yangu, nikasema, na chai yangu nitakunywa kwa utulivu. Niliinywa kwa utulivu. Nilifanya kazi nzuri siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima. Tulirudi kule kijijini na ramani mkononi, mzee Filipo na Ngassa wakakaa mkeka mmoja, wakalipana kwa namna yao, mapito yakawekewa mawe. Kwa upande wa kazi sina la kulalamikia.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tatu. Yusrah, dada anayepitisha mboga, aligonga dirishani karibu saa saba mchana akauliza kama nataka matembele. Nikafungua mdomo kumjibu na sauti ikakwama. Nikakohoa, nikajaribu tena, ikatoka imekwaruza kama ya mgonjwa.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana."

Nilinunua matembele, nikarudi kukaa. Nikajaribu kukumbuka nimesema na nani tangu niamke. Hakuna. Jana je? Jana nilisema na Yusrah, neno moja, kwamba sitaki. Jumapili sikwenda kanisani, mvua ilinyesha. Miaka saba niko Mikumi, na mtu pekee mjini humu anayelijua jina langu lote ni mwenye nyumba, anayekuja mara mbili kwa mwaka. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba mimi ni mtu wa kupenda kimya. Nadhani nilikipenda kwa sababu kila asubuhi palikuwa na mtu wa kukivunja, akaniuliza habari za tembo.

Nikawaza nimpigie. Nikashika simu, nikaiweka. Nitamwambia nini? Nimwambie nimeamka salama? Sisi hatukuwahi kuwa na mazungumzo yasiyo na kodi mwishoni. Atajiuliza nataka nini. Nilipiga kwa Scolastica badala yake, nikijifanya naulizia barua. Nikapitisha swali la mzee katikati.

"Yupo," akasema Scolastica. "Anakuja kila siku saa moja na nusu. Anafagia, anapanga viti, anakaa. Simu yake anaiweka mezani inatazama juu."

"Wengine hawampigii?"

"Kwa ajili ya nini?" akasema, na hakujua amesema nini.

Nilikaa na neno hilo siku tatu nzima. Ijumaa niliamka, nikachemsha chai, nikafungua kazi. Sekunde kumi na mbili. Saa mbili na robo nikampigia.

Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Basi. Hakuniuliza nimeamkaje wala Mikumi kukoje. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia anasimama. "Imegoma?" akauliza.

Ungemsikia. Mtu anayeuliza habari mbaya hana sauti ile. Ilikuwa imechangamka, imejaa pumzi, kama ya kijana aliyeitwa jina lake kwenye usaili. Mbele yangu ramani ya kijiji kizima ilikuwa wazi kwenye kioo, mito ya buluu, malisho ya kijani, kila kitu mahali pake. Kompyuta haijawahi kuwa nzima vile.

"Imegoma, baba," nikasema.

"Inaandika nini?"

"Haiandiki kitu. Imekuwa nyeusi tu."

"Usiiguse. Usijaribu kuizimazima." Nilimsikia anavuta droo, anatafuta vitu vyake. "Hiyo siwezi kuiona kwenye simu. Nachukua gari la saa tatu, mchana niko kwako. Una mchele?"

"Ninao. Na matembele."

"Vizuri. Usiiguse, mwanangu, umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Akakata. Nikakaa mbele ya ile kompyuta nzima, nikaanza kutafuta kitu cha kuharibu kabla hajafika.